Mwisho Niliowasomea Watu wa Mgodini

Kitabu cha kwanza nilichokabidhiwa kazini hakikuwa na mwanzo wala mwisho. Kilianzia pale mtu alipokuwa ameshapigwa risasi, kikakatika pale mpelelezi anaposhika komeo la ghala. Nilikirudisha mezani nikamwambia mkubwa wangu wa kazi kwamba kimeharibika. Akanitazama kwa juu ya miwani yake akasema, "Hicho ndicho kizima. Subiri uone vingine."

Nyinyi vijana mnaobaki maktaba ya Shinyanga mmenitaka, kabla sijahamia shambani moja kwa moja, niwaandikie kidogo kazi ilivyokuwa zamani. Vyeo na mishahara sitavigusa. Faili langu linavijua, na havikuwa vya kusimuliwa. Nitakaa zaidi kwenye miaka ile michache ya mwanzo, mgodini, upande wa Geita, baada ya vita kubwa kwisha. Huko ndiko nilikojifunza kazi, na huko ndiko nilikoiharibu. Majina ya watu nimeyabadilisha. Langu mnalijua.

Nilitoka Tabora na cheti cha sekondari na suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Nilidhani napelekwa ofisini, kwenye mashine ya chapa. Nikapelekwa kwenye ukumbi wa wafanyakazi: bati juu, saruji chini, mabenchi, santuri moja iliyokwaruza kila sahani, mabao mawili ya kuchezea, na kabati lililokuwa la dawa zamani, ambalo sasa lilijaa vitabu na bado lilinukia dawa. Wakubwa waliujenga ili watu wapunguze pombe. Pombe haikupungua, ila watu walipitia kwetu kwanza.

Aliyeniongoza ni Mzee Ramadhani, mtu wa Ujiji, karani wa boma aliyestaafu akachoka kukaa bure.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye msomi?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi, msomi, kakoroge gundi."

Gundi yenyewe ilikuwa ya unga wa muhogo, na ndani yake tulitia mrututu kidogo, ile chumvi ya buluu yenye sumu, ili mende wasiile. Mkizidisha mrututu karatasi inageuka kijani. Mkipunguza, mende wanasoma kabla ya watu. Vitabu vilivyofumuka tulivishona kwa shazia, sindano ile nene, na uzi wa katani uliopakwa nta, tukavivika jalada la kitambaa cha marekani. Vidole vyangu vya kulia bado vina alama za shazia. Leo mnatumia gundi ya chupa na utepe wa plastiki, nami sina neno, ila niambieni vitadumu miaka mingapi.

Vitabu vilitoka kwenye nyumba za Wazungu kule mlimani. Familia ikienda likizo kwao, mpishi alituletea sanduku la vilivyobaki. Watoto waliacha vitabu vya picha za rangi, makauboi na farasi, maneno yakiwa yameandikwa kwenye viputo juu ya vichwa vya watu. Waume waliacha hadithi za wapelelezi na chache za mizimu. Wake zao waliacha hadithi za mapenzi, nyingi kuliko zote, jaladani mwanamke ameegemea kifua cha mwanamume aliyevaa kofia. Palikuwa pia na gazeti la Kiswahili lenye hadithi ya mfululizo, lakini lilitufikia kwa lori la mizigo, matoleo yamevurugika, na mara nyingi tulimwona mtu anazikwa wiki moja na anaugua wiki inayofuata.

Wachache walijua kusoma, na Kiingereza wachache zaidi. Kwa hiyo kazi hasa ilikuwa hii: zamu ya mchana ikitoka, watu wakishaoga, msomaji anakaa kibarazani upande wa magharibi ili atumie mwanga uliobaki, anasoma kimoyomoyo kwa Kiingereza na kutamka kwa Kiswahili papo hapo. Mahali Kiswahili kinapowashinda wasikilizaji, anatia Kisukuma. Mwanga ukikataa, tunafunga.

Kila kundi lilikuwa na lake. Askari wa lindo walipenda wapelelezi, wakawakosoa sana. Walisema mpelelezi wa Ulaya anafikiri mno na hapigi mtu. Vijana wa kusukuma magari ya mawe walitaka makauboi, nasi tulilazimika kugeuza kitabu kila ukurasa ili waone farasi. Wapishi walitaka mizimu. Watu wa chini, wanaotoboa mwamba, mizimu hawakuitaka hata kidogo. Walisema huko chini inatosha. Wao walitaka mapenzi. Mwanzoni nilicheka. Mzee Ramadhani akaniambia, "Mtu anayeshinda gizani na baruti, ulitaka asomewe nini? Kilimo cha pamba?"

Nikiri jambo moja dogo kabla ya kubwa. Shuleni tulifundishwa kwamba vitabu vya namna hiyo ni takataka, na nilimwamini mwalimu. Lakini mwezi wa pili kazini nilikuwa nachukua makauboi nikasomee chooni, na hadithi za mapenzi nazificha ndani ya gazeti la serikali ili wapita njia waone nasoma habari za bei ya mkonge. Nilizipenda zote. Niliona haya kuzipenda, na nadhani haya hiyo ndiyo iliyonifanya nijione niko juu ya watu niliokuwa nawasomea, ambao walizipenda waziwazi.

Mzee Ramadhani alikuwa na desturi moja aliyoishika kama sala. Vitabu vyetu vilikosa kurasa, vyote. Akifika penye pengo, alikuwa anashusha kitabu magotini na kusema, "Ukurasa haupo." Basi kibaraza kinalipuka. Huyu anasema mwizi ametorokea mtoni, yule anasema ameoa, wengine wanasimama na kuonyesha kwa mikono. Mzee anawaacha wabishane mpaka wachoke, kisha anaendelea na ukurasa uliopo, na aliyebahatisha anashangiliwa. Nilimwuliza kwa nini asizibe pengo mwenyewe kwa maneno mawili matatu, tuokoe muda.

"Watu hawa wananiamini kwa sababu moja," alisema. "Nikisema imeandikwa, imeandikwa."

Macho yake yalipokataa kabisa alirudi Ujiji kwa watoto wake, ukumbi ukabaki kwangu.

Nilianza kwa kitu kidogo. Hadithi moja ya makauboi ilikosa ukurasa, siku yenyewe watu wamechoka na wanasinzia, nikaona aibu kushusha kitabu. Nikaongeza farasi aliyevunjika mguu, kama vile nasoma. Watu wakaamka. Siku nyingine nikaongeza vita, na nyingine nikaongeza mwanamke katika hadithi ambayo mwandishi wake hakukumbuka kuweka hata mmoja. Watu wakaanza kuja kutoka kambi nyingine, na wake wa askari wakawa wanasimama kwenye uzio. Wakaacha kuniita karani, wakaniita mwalimu. Hakuna aliyejua, au ndivyo nilivyodhani, kwa kuwa sikushusha kitabu tena. Macho yangu yalibaki kwenye karatasi hata pale ambapo karatasi ilikuwa imekwisha.

Mmoja aliyeendelea kuniita karani ni Luhende. Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, Mkatoliki, mtu wa mashine ya kutoboa mwamba. Masikio yake yalikuwa yameanza kufa kwa kelele za mashine, kwa hiyo alikaa benchi la mbele, magoti yake karibu yaguse yangu. Jumapili baada ya sala alikuja kunisaidia kushona vitabu. Mkono uliozoea chuma ulikuwa mwepesi ajabu kwenye shazia. Hadithi za mapenzi ndizo zake, na maswali yake yalikuwa ya mtu anayejifunza kazi.

"Karani, hapo alipomshika mkono, alikuwa ameshamwambia au bado?"

Watu wakacheka. Nkwabi, kijana wa magari ya mawe ambaye mdomo wake haukupumzika, akasema, "Kaka Luhende anataka afundishwe kuoa!"

"Kuoa nimeoa," Luhende akamjibu. "Nataka nifundishwe kusema."

Mkewe, Tereza, alikuwa Ushirombo na shamba lao. Hawakuwa wamepata mtoto. Luhende alikuwa hajakanyaga nyumbani tangu mavuno ya mwaka wa juzi, maana alirudia mkataba bila likizo.

Siku moja akaja mtu wa kwao anayeuza asali. Tulikuwa tumekaa wengi mbele ya ukumbi. Yule mtu akatua debe lake, akatazama huku na huku, akamwona Luhende, akafurahi.

"Habari za siku nyingi, Baba Skola!"

"Nzuri," alijibu Luhende. Akauliza habari za mvua. Akaonja asali, akaisifu. Hakuna aliyeshangaa, kwani nusu ya wanaume pale walikuwa Baba Fulani.

Jumapili iliyofuata aliniambia tutoke. Kwa vile alisema kwa sauti ya juu kama viziwi wote, alinipeleka mpaka nyuma ya tangi la maji.

"Ulisikia yule wa asali alivyoniita?"

"Baba Skola. Sikujua una mtoto. Hongera."

"Hata mimi sikujua."

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki.

"Jina hilo mtu hajipi," akasema. "Anapewa. Kijiji kizima kimeshanipa. Ama hawahesabu, ama wamehesabu wakaamua kunisitiri."

"Utafanya nini?"

"Tereza simwachi. Nimelifikiri huko chini siku zote hizi, nimeona siwezi. Ndugu zangu watasema mpige. Padri atasema samehe. Sawa, nasamehe. Sasa nikifika pale mlangoni, naanza na neno gani? Nikisema 'Hamjambo' nitakuwa mjinga. Nikinyamaza atadhani nimekuja na fimbo. Nyinyi mnaosoma, humo ndani hamna mtu aliyefika mlangoni namna hiyo?"

Nilimwambia nitatafuta. Akaniomba nisimwambie mtu, nikamwapia. Na kweli, jina lake sikumtajia mtu yeyote.

Wakati huo nilikuwa nasoma hadithi ya daktari aliyekwenda vitani akamwacha mkewe katika mji mdogo. Kilikuwa kitabu kitamu, na kibaraza hakikutosha. Watu walikaa mpaka kwenye bustani ya msimamizi, wakakanyaga maua yake. Jioni moja nikamfikisha daktari kwenye treni ya kurudi kwao. Treni ikasimama. Akafungua mlango wa behewa. Na hapo kitabu kilikuwa kimekwisha. Panya wamekula robo yote ya mwisho.

Ilinipasa kukishusha. Niliwatazama wote wale, midomo wazi, nikaendelea.

"Akashuka," nilisoma, "na mzee wa stesheni akavua kofia, akamwambia: Karibu nyumbani, Baba Meri." Nikaongeza: "Naye daktari hakuwa na mtoto."

Mke wa askari mmoja akasema, "Uwii!" na watu wote wakapumua kwa pamoja. Nikafunga kitabu, nikasema mengine kesho. Walipiga kelele, wakanitukana kwa mapenzi, wakaondoka wakibishana njia nzima.

Luhende alibaki. Nilijua anakuja kunigombeza, nikajishughulisha na mabenchi.

"Karani. Kumbe na wao huitana hivyo?"

"Kina nani?"

"Wazungu. Baba Fulani."

Hapo ndipo ningeweza kulimaliza. Ilitaka neno moja tu, na tulikuwa peke yetu. Nikasema, "Huko vijijini kwao, ndiyo."

Akakaa chini. "Yaya," akasema, "yaya," akikataa kwa lugha ya nyumbani kama mtu aliyepewa zawadi kubwa kuliko alivyostahili. "Nilidhani ni mimi peke yangu duniani. Kumbe kuna mtu yalimpata, na akaandika." Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya asali. "Kesho anafika mlangoni?"

"Kesho."

"Basi nitakaa karibu zaidi."

"Ukikaa karibu zaidi utanikalia."

"Nitakukalia!"

Nilikuwa na siku nzima ya kumtafutia neno. Msidhani sikujaribu. Nilishona vitabu asubuhi ile huku namweka daktari mlangoni, namsemesha. "Nimerudi." "Nipe maji, njia ilikuwa na vumbi." "Huyu mtoto anaitwaje?" Leo nikiyatazama naona lolote kati ya hayo lingetosha. Siku ile niliyaona madogo. Mtu akisamehe, anaingia ndani, mlango unafungwa, wasikilizaji wanaondoka kimya wakapike. Mimi nilitaka kibaraza kilipuke. Nilikuwa nimeshazoea.

Jioni watu walikuwa wengi kuliko siku yoyote. Daktari akafika kwenye ua wa nyumba yake. Mkewe akatokea mlangoni, mtoto ameshika sketi yake. Daktari akatua mzigo. Akamtazama mtoto. Akamtazama mama. Kisha akainama, akainua mzigo wake, akageuka, akaishika barabara bila kusema neno, wala hakutazama nyuma. Mke akabaki amesimama, mikono kichwani. Nikaleta na mvua.

Wanawake kwenye uzio walilia. Wanaume wakasimama. "Huyo mwanamume!" mtu mmoja alipiga kelele. "Huyo ndiye!" Nkwabi alipiga benchi kwa ngumi mpaka msumari ukatoka. Walininyanyua juu, mimi na kitabu changu cha panya, na nikiwa juu kule nilimtafuta Luhende kwa macho. Alikuwa bado amekaa, viganja juu ya magoti, akiitikia kwa kichwa polepole kama mwanafunzi aliyeelewa hesabu iliyomsumbua.

Nilimwona. Siwezi kusema sikumwona.

Aliomba likizo, akapewa. Asubuhi ya kuondoka alipita ukumbini na mzigo wake begani, lori limeshawashwa.

"Karani, nakwenda. Nimelipata."

"Umepata nini?"

"Kwamba si lazima useme."

Dereva alikuwa anapiga honi. Nilikuwa na brashi ya gundi mkononi. Nikamwambia, "Safari njema." Nilijidanganya kwamba akimwona mkewe mwenyewe atasahau kitabu. Kwamba watu hawafuati vitabu kiasi hicho. Ajabu kwa mtu wa kazi yangu kuamini hivyo.

Likizo yake ikaisha, hakurudi. Mashine yake wakampa mtu mwingine.

Tereza alikuja wakati wa kiangazi. Nilikuwa nyuma ya ukumbi, mchana, nakoroga gundi, nikasikia hodi. Alikuwa mwanamke mwembamba, miguu imejaa vumbi la lori, amebeba kitita kichwani, na binti mdogo amesimama kando yake ameshika kanga yake. Alinisalimu kwa adabu, nikamkaribisha kwenye benchi. Akakaa ukingoni.

"Wewe ndiye karani wa vitabu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mimi ni Mama Skola, wa Ushirombo. Namtafuta mume wangu, Luhende."

Nikamwambia Luhende hakurudi mgodini. Aliitikia kwa kichwa, walikuwa wameshamwambia getini.

"Alifika nyumbani," akasema. "Nilikuwa natwanga. Nikamwona uani, nikaweka mchi chini. Akatua mzigo. Akamtazama huyu. Akauinua tena, akaondoka. Mimi nilidhani kuna kitu amesahau njiani. Nikaingia nikapika. Nikapakua." Akamfuta mtoto pua. "Mtu wa asali alikutana naye barabarani, akamwuliza kulikoni. Akamjibu amefanya kama yule mtu wa kitabu. Ndiyo maana nimekuja. Naomba nisomewe hicho kitabu."

Nikaenda kabatini nikakileta. Ningeweza kusema kimepotea. Niseme tu kwamba wazo hilo nilikuwa nalo kutoka mlangoni mpaka kabatini na kurudi. Nikamwonyesha pale kilipoliwa.

"Maneno hayo hayamo, mama. Kitabu kinaishia kwenye treni. Yaliyobaki niliyatunga mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Yeye alijua?"

"Hakujua. Alidhani yameandikwa."

Akakichukua, akapitisha kidole kwenye ukingo ulioliwa, taratibu. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Na huyo mwanamke wa mlangoni," akauliza, "ulimpa neno gani?"

"Hakusema kitu."

"Kwa nini?"

Katika kujiandaa siku nzima ile, nilimtafutia daktari maneno kumi. Mwanamke sikumtafutia hata moja. Haikunijia kabisa kwamba angeweza kuwa na la kusema.

"Ulikuwa unanijua mimi?"

"Hapana, mama. Nilikujua kwa maneno ya Luhende tu."

"Ila ulijua kwamba nitanyamaza."

Mtoto alikuwa ametia vidole kwenye sufuria ya gundi anataka kulamba. Mama yake akamvuta mkono haraka, nami nikamletea maji amwoshe, kwa sababu ya mrututu. Tukamwosha pamoja, yeye ameshika mkono, mimi namimina. Hapo ndipo niliposema kitu ninachokionea haya kuliko hata ule mwisho. Nilimwuliza: kama angesimama kidogo, angemwambia nini?

Akainua macho kutoka kwenye mkono wa mtoto.

"Unataka ukawasomee?"

Akamkausha mtoto kwa upindo wa kanga. Aliniuliza malori ya Kahama yanasimama wapi, maana kuna aliyesema amemwona mtu kama Luhende huko, anapakia mchele. Nikamwonyesha. Nilitaka kumbebea kitita, akakataa bila ukali. Alishukuru kwa maji.

Kahama hakumpata. Hilo nililisikia miaka mingi baadaye kwa mtu wa Ushirombo aliyekuja maktaba kuazima kitabu cha ufugaji. Luhende alikwenda migodi ya kusini, na huko ndiko alikobaki. Tereza alimlea binti yake kwa jembe, na watu wakaendelea kumwita mume asiyekuwepo Baba Skola, kwa kuwa jina likishatolewa halirudishwi. Mnakumbuka nilivyokuwa mkali siku za Jumamosi, mkiwasomea watoto halafu mkaongeza simba asiyekuwemo. Mlinicheka pembeni, nilisikia. Sikuwahi kuwaambia sababu, nikawaacha mdhani ni uzee.

Lakini jioni ya siku ile aliyokuja Tereza bado ilikuwa mbele yangu. Zamu ilitoka, watu wakaoga, wakajaa kibarazani. Nilikuwa nimeamua. Nikasimama, kitu ambacho sikuwa nakifanya, nikasema, "Ile hadithi ya daktari, mwisho wake haukuwa kitabuni. Niliutunga."

Nkwabi akaanza kucheka.

"Mwalimu, tulijua!"

"Mlijua?"

"Mzungu gani anaitwa Baba Meri? Mimi nimefua nguo za Wazungu, hawaitani hivyo." Watu wakacheka pamoja naye. "Tulijua tangu farasi wa mguu uliovunjika. Nani anajali? Yako ni tamu kuliko ya kwao."

"Tulinyamaza usije ukaacha," akasema askari mmoja.

Wote walijua. Mmoja tu, aliyekuwa na masikio mabovu na haja kubwa, ndiye aliyeamini. Nilitaka kuwaambia hilo, nikaona kwamba nikifungua mdomo nitaisimulia tena siri ya Luhende, safari hii na jina lake, nao wataipenda. Nikakaa.

"Tuongezee nyingine!" walisema. "Daktari alikwenda wapi?"

Nikachukua kitabu cha makauboi, kile kilichokuwa na kurasa nyingi kuliko vyote, nikawasomea kama kilivyoandikwa, neno kwa neno. Hakikuwa kitabu kizuri. Watu wa nyuma walianza kuondoka, halafu wake wa askari kwenye uzio, halafu Nkwabi, ambaye aliaga kwa heshima zote. Nami, mchana ule ule nimemtazama Tereza machoni, na mkono wangu bado una gundi niliyomtoa mtoto wake, kilichoniuma jioni ile kilikuwa kuwaona wanaondoka.